Betri Kubwa, Viti vya Kitambaa

Kijana wa yadi ya magari, upande wa pili wa feri, alitupokea vizuri, akatupa maji ya chupa, kisha akatuuliza kwa siku tunaendesha kilomita ngapi. Mume wangu alijibu kabla sijafungua mdomo. Kutoka nyumbani kwetu Msambweni hadi hoteli ya Diani anakotengeneza majokofu na viyoyozi, na kurudi. Basi. Kijana akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia ugonjwa anaoujua, akatuongoza moja kwa moja hadi kwenye gari jeupe la umeme lililokuwa likimeta kivulini.

"Mum, hii ndiyo yenu," akaniambia. Alikuwa mtu wa bara, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. "Hii ni ful opsheni. Viti ni za ngozi, iko na sanrufu, ile dirisha ya juu, iko na kamera mbele na nyuma. Ata viti zinapata joto."

Nikamwuliza viti vipate joto kwa ajili gani.

"Wakati wa baridi," akasema.

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa akinitania. Huku kwetu, mtu anayeingia katika gari lililoegeshwa juani mwezi wa Februari hahitaji kuongezewa joto makalioni.

Kando yake lilikuwako gari jingine la namna ile ile, la kijivu, toleo la chini kabisa. Usukani wake ulikuwa wa plastiki, viti vyake vya kitambaa, na skrini yake ya mbele ya dereva ilikuwa ndogo kuliko simu ya binti yangu. Lakini betri yake ilikuwa kubwa zaidi. Yote mawili yalikuwa yametumika ng'ambo, na bei zake zilikaribiana. Jeupe likijaa chaji, alisema kijana, lingekwenda kilomita mia mbili na kidogo. La kijivu lingekwenda mia tatu na ushee.

"Lakini mum, hizo zingine zote za nini? Nyinyi mnaenda tu Diani."

Nilijua za nini, lakini sikuweza kumwambia.

Mama yangu anakaa bara ya Kinango, katika kijiji ambacho lami haijakifikia. Ukitoka kwetu unafuata barabara kuu hadi Ukunda, unapita Tiwi, unaiacha Kombani na kupanda mlima hadi Kwale, kisha unateremka kwenye ukavu, Kinango yenyewe unaipita, na bado hujafika. Watu wetu wakifa hawawekwi. Aliyefariki alfajiri huzikwa adhuhuri, na aliyefariki mchana, alasiri haimpiti ila kwa sababu kubwa. Baba alipofariki, simu ilinifikia asubuhi nikiwa dukani kwangu nikikata kitambaa. Niliacha mkasi juu ya meza nikaenda stendi. Nilipofika kijijini, baada ya kubadilisha gari na kungoja lijae na kubadilisha tena, nilikutana na wanaume wakirudi makaburini, mikono yao ina udongo. Mmoja mmoja walinipa pole. Hakuna aliyenikosea. Kaka zangu waliningoja kadiri ya uwezo wao, na jua la kule mnalijua. Uso wa baba sikuuona.

Kwa mama jambo ni zito zaidi, kwa sababu mwanamke huoshwa na wanawake, na mimi ndiye binti yake wa pekee. Nikichelewa, watakaomwosha ni wake wa kaka zangu, watu wema ambao sina neno nao, na mimi nitamkuta ndani ya sanda. Sitaki. Nataka mikono itakayomwosha mama yangu iwe hii yangu. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafutia gari, wala si Diani.

Sasa, jambo kama hilo halisemwi. Kwetu ukianza kumpigia mtu mzima wa afya mahesabu ya kifo chake, unamchuria, na akijikwaa kesho tu, watu watautazama mdomo wako. Hata mume wangu sikuwa nimemwambia. Kwake nilisema "safari". Nilipobanwa nilisema "dharura". Naye, fundi mwenye akili ya mafundi, alinijibu kwa hesabu.

"Dharura gani isiyotoshwa na kilomita mia mbili?" aliniuliza pale yadini, mkono wake ukiwa juu ya kiti cha ngozi.

"Ya Kinango."

"Kwenda na kurudi inafika."

"Mimi peke yangu inafika. Na tukiwa watu watano, na kiyoyozi, na mlima wa Kwale, na ile njia ya mawe?"

"Watu watano mwaenda kufanya nini?"

Msibani haendi mtu mmoja. Utawachukua shangazi zako na jirani, na njiani utawakuta wengine wamesimama wakikungoja, huwezi kuwapita kwa sababu ya betri. Nilimgeukia kijana nikamwuliza kuhusu mlima. Akasema gari likipanda linakula, likishuka linarudisha kidogo, lakini halirudishi lote. Nikamwuliza kuhusu uzee wa betri. Akachomeka kifaa chake akatuonyesha kwamba zote mbili zina afya. Halafu akanipa ushauri, na ulikuwa ushauri wa kweli: tusiijaze betri mpaka juu kila siku, tuiache chini kidogo ya hapo, ndivyo itakavyodumu.

"Mnajaza full siku ya safari tu."

"Na kama siku ya safari huijui?" nikamwuliza.

Akacheka. "Sasa mum, safari gani hiyo mtu hajui siku?"

Mume wangu aligeuka akanitazama. Kisha akautoa mkono wake kwenye kile kiti, akakipangusa kama aliyekichafua. Siku ya mazishi ya baba alisafiri nami. Ni yeye aliyenishikia mkoba siku hiyo nilipokaa chini njiani.

"Tuchukue la kijivu," akamwambia kijana.

Hatukulizungumza jambo hilo, si siku ile wala kwenye feri tukirudi. Nilimpenda sana kwa ukimya wake. Alilipenda lile jeupe kutoka moyoni.

Kijijini kwetu Msambweni gari lilipokewa kwa utani. Watu walikuwa wamesikia tumenunua gari la umeme, wakaja wakitarajia kitu chenye milango inayojifungua yenyewe, wakakuta usukani wa plastiki. Shemeji yangu alichungulia ndani akasema hata teksi za Ukunda zina viti bora. Majirani walikuja kuliomba kwa ajili ya bibi harusi, wakakaa kidogo kwenye vile viti, wakashukuru sana, wakaenda kuazima la mtu mwingine. Sikuona haya hata chembe. Nilifurahi kwamba chaji imesalia.

Kwa maana mimi niliijaza kila siku mpaka juu. Mume wangu akiingia jioni, kabla hajavua viatu, nilikuwa nimekwisha kumwuliza kama amelichomeka. Umeme ukikatika usiku kucha na asubuhi betri haijajaa, alikwenda kazini kwa bodaboda, na gari likabaki uani kungoja umeme urudi. Ijumaa alitaka twende ufukweni na watoto, nikasema mwendo wa miguu ni afya. Alinieleza kwa upole, mara mbili au tatu, kwamba betri haipendi kukaa imejaa kila siku, inazeeka kabla ya wakati wake.

"Na izeeke," nikamwambia.

Mama mwenyewe hakuwa na ugonjwa, ila magoti na presha ya siku zote. Alikuwa na mbuzi wake, na aligombana na wakwe zake kwa nguvu za kutosha. Lakini kila simu ya asubuhi kutoka Kinango niliipokea huku nikitafuta ufunguo wa gari. Nilidhani gari likija hofu itaondoka. Hofu ilikuwa pale pale, sasa ina chaji kamili.

Mwishowe nilitaka kuijaribu njia. Nilikwenda peke yangu, kwani mama na mume wangu wanaoneana haya, na akiwapo mkwewe, mama hawezi kunyoosha miguu wala kusema lililo moyoni mwake. Nilipanda mlima wa Kwale nikiitazama namba ikishuka, nikateremka nikiitazama ikirudi kidogo. Nilifika nina zaidi ya nusu. Nilikaa ndani ya gari nikapumua, nikajiambia kwamba inawezekana.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona laja kimya hivi, kama mwizi?"

Alilizunguka, akaligonga gonga ubavuni kama anayechagua tikiti maji, kisha akafungua mlango wa mbele akaingia na kukaa. Alikipapasa kiti.

"Hiki chafaa," akasema. "Hakinati mgongoni. Basi nipeleke kwa shoga yangu kule mbele, ana siku nyingi kitandani na mimi sina miguu."

Niliitazama namba. Kwa huyo shoga yake ni mbali, na njia yake ni mbaya zaidi.

"Tutakwenda siku nyingine, mama. Hii chaji yataka ibaki."

"Ibaki ya nini? Kwako si muna umeme?"

"Nikifika niwe na akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya dharura. Gari lataka liwe tayari wakati wote."

Mama alifikiri. Aliniuliza kama watoto wanalipanda kwenda shule, nikasema la, shule ni karibu. Aliniuliza kama twaenda nalo Diani kutembea. Nikasema hatwendi. Arusi za watu? Hatwendi nalo. Alikuwa akiuliza polepole, bila ukali, huku akitazama mbele kwenye zizi la mbuzi wake.

"Kumbe wanichajia mimi," akasema.

"Mama, usichurie."

"Nachuria nini? Mimi nilikuona siku ya babako. Ulikuja hapa wakati maji yamekwisha kumwagwa, ukakaa palee, hukula kutwa." Akanigeukia. "Wewe wataka kuniosha."

Nililia. Nililia nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, mwanamke mzima, na nilimwambia ukweli kwamba ndiyo, nataka nimwoshe mimi, asinioshee mtu mwingine mama yangu.

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Hakunibembeleza. Kisha alishuka, akaingia nyumbani, nikamsikia akimwachia mke wa kaka yangu maagizo ya mbuzi. Alitoka na fundo la nguo ndani ya leso.

"Twende kwa shoga yangu kwanza," akasema. "Halafu wanipeleka kwako."

Kwa miaka tulimwomba ashuke pwani, hata kwa wiki moja, naye alikuwa na sababu zisizokwisha. Siku hiyo hakutoa sababu hata moja. Tulikwenda kwa shoga yake kwenye ile njia ya mawe. Walishikana mikono wakanong'onezana mambo yao na kuombana radhi, mimi nikasubiri nje. Tuliporudi barabarani nilikiwasha kiyoyozi kwa sababu mama alisema anaona joto. Namba ilishuka, nami nikaiacha ishuke. Tulipofika Msambweni, kabla ya magharibi, ilikuwa imegeuka rangi ya machungwa, rangi ambayo sikuwahi kuiona tangu tulinunue. Mume wangu alikuja kumwamkia mkwewe kwa mbali, kichwa chini, kisha akalitazama gari na kunitazama mimi. Nilimwambia asilichomeke, aliache tu kwanza.

Mama alikuwa amekaa ukumbini akiusikiliza mfereji wa jikoni ambao binti yangu alikuwa akioshea vyombo.

"Hapa maji yatoka tu hivi?"

"Yanatoka, mama. Siku nyingi yanatoka."

"Mimi kule naoga kwa kikombe. Na mgongo siufikii tena, mikono imekataa." Aliivua leso ya kichwani akaikunja magotini. "Nipashie maji, uniogeshe. Hayo ya siku ile sitajua kama yana moto au yana baridi. Haya nitayajua."

Nilipasha maji ndoo nzima. Nilimwekea kigoda bafuni, nikamvua, nikamwona mama yangu kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mdogo wa kuogeshwa naye: mabega membamba, kovu la kuungua ambalo sikulijua, ngozi laini ya tumbo lililonibeba. Alijaribu maji kwa kidole, akasema yana moto, nikaongeza baridi. Akasema sasa sawa.

Nilichota, nikamimina begani kwa kulia, nikaanza kusugua nikishuka mkono, polepole, kulia kwanza kabla ya kushoto, kama nilivyofundishwa na wale wanawake wanaoosha maiti. Sikuwa nimefikiri. Mikono ilijiendea yenyewe.

Mama akanitazama kwa juu ya bega.

"Mimi ningali hai," akasema. "Anzia panaponiwasha."

Akanionyesha katikati ya mgongo, pale ambapo mikono yake haifiki. Nikaanzia hapo.