Mpira wa Baiskeli Chini ya Blanketi

Kwa mguu huu ninaozurura nao, namshukuru sista mmoja, muuguzi wa hospitali ya Homa Bay.

Nilijikata kwa sururu nikichimba dhahabu Migori, nikaufunga mguu kwa mpira wa baiskeli kuzuia damu hadi hospitalini. Daktari alipoufungua na kuushona, ukavimba. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akanieleza: damu ikirudi mahali ilipokosekana, chembe nyeupe za damu hunata kwenye kuta za mishipa kana kwamba zina gundi, zikaumiza nyama.

Mimi niliyeishia darasa la tano nikaamua dawa ni damu isirudi. Nikaufunga tena kimyakimya kwa mpira uleule, nikawa nawahubiria wagonjwa habari za gundi.

Sista akavuta blanketi, akakuta vidole vimepauka.

“Omera, ndugu yangu,” akasema akifungua mpira, “daktari ameushona, wewe unataka kuuzika?”

Jirani wa kitanda niliyekuwa nikimfundisha ndiye aliyecheka kwanza.