‘Shangazi’ mwenye ndevu na wanaume waliojaa uani

Saa mbili asubuhi, uani kwa kituo cha afya, mwanamume mmoja mwenye ndevu zilizochongwa kwa ustadi anapanga viti vya plastiki. Anavipanga kwa safu, anarudi nyuma kidogo, anavitazama, kisha anavivuruga vyote na kuanza upya. Safari hii anavizungusha duara.

“Safu ni za darasani,” anasema, akijifuta jasho kwa kiganja. “Mwanamume akishakaa nyuma, ndiyo basi, hanipati simpati. Kwenye duara hakuna pa kujificha.”

Muuguzi mkuu wa kituo, mama mwenye sauti nzito na mzaha mwingi, anachungulia dirishani.

“Shangazi! Umeandaa harusi au kikao? Mimi nakuambia, wanaume hawaji. Mwanamume huja hapa akiwa amebebwa.”

“Sista, wewe subiri.”

Anamjibu akicheka, lakini mikono yake haitulii. Leo kituo kinafungua milango kwa mara ya kwanza kwa ajili ya wanaume peke yao, waje waulize lolote kuhusu afya ya uzazi bila kuchekwa wala kukemewa. Wazo ni lake. Amezunguka nalo gereji kwa gereji, sokoni, uwanja wa mpira, hadi kwenye vijiwe vya bodaboda. Watu wakijaa, sifa ni zake. Wasipokuja, aibu pia ni yake.

Yeye ni mshauri nasaha. Kazi yake ni kukaa na mtu chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na kuzungumza naye yale ambayo wengi wetu tumezoea kuyameza: uzazi wa mpango, magonjwa ya zinaa, nguvu za kiume zinazogoma, mimba iliyokuja bila kupangwa na ile inayotafutwa haiji.

Jina la Shangazi alipewa na wanawake waliokuwa wakisubiri dawa dirishani. Walimsikia akimweleza binti mmoja habari za hedhi kwa upole na bila kupepesa macho, mmoja wao akaropoka: “Jamani, huyu si mwanamume, huyu ni shangazi mwenye ndevu!” Likashika siku hiyohiyo. Hata watoto wake mwenyewe wanapenda kumtania nalo.

Baba yake ndiye ambaye lilimkaa kooni. “Nilizaa mwanamume,” mzee huyo aliwalalamikia majirani, “nimerudishiwa shangazi.” Siku hizi mzee amepoa. Alipoanza kusumbuliwa na mkojo, alimwita mwanawe faragha, akamfunga mdomo kwa viapo, kisha akakubali kupimwa tezi dume. Simulizi hiyo ameitoa mzee mwenyewe, tena kwa majigambo. Mwanawe, akiulizwa, hutazama dari.

Kabla ya haya yote alikuwa kinyozi. Kiti chake kilikuwa pembeni ya stendi, na anasema ndiyo shule yake ya kwanza.

“Mtu akiwa na wembe shingoni, husema kweli,” anaeleza. “Nilikuwa nanyoa huku nasikia mambo mazito. Huyu mkewe kahama chumba, yule anakojoa kwa maumivu na anakunywa dawa alizouziwa mtaani. Nilikuwa sijui la kuwajibu. Namaliza kichwa, nampangusa, anaondoka na tatizo lake.”

Siku moja mteja wake wa miaka mingi alikaa kitini kwa shida, upande mmoja tu. Alikuwa na kidonda sehemu za siri na alikuwa amekitibu kwa maji ya chumvi mpaka kikaoza. Kinyozi alifunga duka, akampakia kwenye pikipiki, akamfikisha hapa kituoni. Mgonjwa aliona aibu kumwambia muuguzi neno lolote. Kinyozi ndiye aliyekaa naye kwenye benchi, akamsemesha taratibu, hadi ulimi ukafunguka.

Muuguzi mkuu anakumbuka. “Nilikuwa nimemuuliza yule mgonjwa maswali, ananitazama viatu tu. Huyu kinyozi akaja na maneno ya utani, dakika chache mtu anasema yote. Nikamwambia, wewe kushika mikasi umekosea, njoo tukufundishe kazi hii.”

Akaenda mafunzoni na kurudi na cheti. Posho anayopata haifikii alichokuwa akiingiza kwa kunyoa, ndiyo maana Jumapili bado hunyoa watu nyumbani kwake. Mkewe, mwalimu wa chekechea, huulizwa kila mara kama haoni wivu mumewe kufungiwa chumbani na wake za watu. “Wivu wa nini?” hujibu. “Huko anasikiliza siku nzima. Akirudi, zamu ya kusikilizwa ni yangu.”

Lakini kisa kinachoeleza zaidi kazi yake ni cha fundi seremala na mkewe. Wote wawili wamekubali kiandikwe.

Walikuwa wameoana kwa miaka sita na nyumba haikuwa na mtoto. Mke, ambaye ni mshonaji, alikuja kituoni peke yake tena na tena. Alipimwa, akaonekana mzima. Kila alipoambiwa amlete mumewe, alirudi na jibu lilelile: “Amesema yeye ni mzima kama farasi.”

Nyumbani mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumwita mgumba mbele ya majirani. Tena alikuwa ameanza kumtafutia mwanawe mke wa pili, na familia ya binti aliyemchagua ilikuwa imeshatajiwa siku.

“Nilimwambia Shangazi, kama yeye haji huku, nenda wewe kule,” anasimulia mshonaji. “Na usizunguke. Mwambie nimekutuma mimi.”

Shangazi akaenda. Alimkuta seremala akipiga randa ubao wa mlango.

“Mke wangu amekutuma,” alisema fundi bila kuinua kichwa.

“Amenituma.”

Randa ikaendelea. Shangazi akakaa juu ya gogo, akafungua mkoba wake kutafuta vipeperushi. Katika kupekua, kikadondoka kile kifaa cha mbao anachokitumia kufundishia namna ya kuvaa kondomu. Kikabingirika juu ya maranda hadi miguuni pa fundi.

Seremala alikiokota, akakigeuza huku na huku, uso umekunjamana.

“Nani amechonga hiki?”

“Kimeletwa tu.”

“Hakupiga hata msasa! Sasa hii mnawaonyesha watu? Mnatudhalilisha!”

Walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Fundi akatafuta kipande cha mti mgumu, akaketi kuchonga kingine kinachostahili. Na hapo, macho yakiwa kwenye patasi, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa: “Hivi, hivyo vipimo vya wanaume, vinauma?”

“Sikujibu upesi,” anasema Shangazi. “Moyo ulikuwa unaruka, lakini niliogopa nikifurahi atashtuka. Nikamwambia haviumi. Nikamweleza vinafanywaje, hatua kwa hatua. Akaendelea kuchonga. Mwisho akasema, basi kesho.”

Majibu yalipotoka, Shangazi aliwakalisha pamoja. Mishipa ya damu kwenye korodani za fundi ilikuwa imevimba na kuharibu mbegu. Si laana, na si adhabu ya dhambi yoyote. Ni tatizo ambalo kwa wanaume wengine hurekebishika kwa upasuaji mdogo, ingawa hakuna anayeweza kuahidi mtoto.

“Niliona nyumba imeniangukia,” anasema fundi. “Miaka yote ile mke wangu anatukanwa kwa ajili yangu, nami nimekaa naangalia.”

Mkewe alimshika mkono. “Kumbe tulikuwa tunalitafuta hili? Basi tumelipata.”

Bado palikuwa na mama. Fundi alimwomba Shangazi amsindikize akamwambie. Shangazi akakataa.

“Nilimwambia, mimi siri yako siitoi, hata kwa mama yako, hata ukinituma. Ila tukae hapa tuyafanyie mazoezi maneno yako mpaka yakae sawa mdomoni. Tukafanya. Mimi nikawa mama yake, nikamfokea kwelikweli!”

Fundi alikwenda kwa mama yake peke yake, kabla ya kufanyiwa upasuaji. Habari za mke wa pili zikaishia palepale. Mama alikaa ndani kwa siku mbili, kisha akatoka na kwenda kupiga magoti mbele ya mkwe wake.

“Sikumwambia nimesamehe,” anasema mshonaji kwa ukweli wake. “Nilimwambia, mama, nimesikia. Kusamehe nitakuja nako polepole.”

Na sasa, uani kwa kituo, muda unayoyoma na viti vimebaki vitupu. Shangazi anatoka hadi getini na kurudi. Anafungua chupa ya maji, anasahau kunywa. Muuguzi mkuu ameacha mzaha na ametoka nje kusimama naye.

Kisha unasikika mlio wa magurudumu. Ni mkokoteni uliosheheni mabenchi, unasukumwa na fundi seremala na vijana wa karakana yake.

“Shangazi, viti vyako hivi ni vya kuchezea!” anapaza sauti fundi. “Nimewaambia watu wengi waje.”

Nyuma yao wanafuata mafundi wa gereji na ovaroli zao, mikono bado ina grisi. Wanafuata wapakia mizigo, madereva, walimu wawili, mzee mwenye fimbo anayedai amesindikiza tu. Timu ya mpira inaingia nzima pamoja na kocha. Duara linapanuka, linapasuka, linakuwa duara ndani ya duara. Muuguzi mkuu ameshika kichwa: “Mama yangu! Wanaume hawa walikuwa wapi?”

Wa mwisho kuingia ni mwanamke mtu mzima, kabeba kigoda chake mwenyewe. Ni mama yake fundi.

“Mama, leo ni siku ya wanaume,” Shangazi anamwambia kwa adabu.

“Kwani hao wanaume wamezaliwa na nani?” Anakita kigoda chini, anakaa. Uwanja mzima unacheka, na hakuna anayethubutu kumwondoa.

Shangazi anawakaribisha na kuwaambia, mficha uchi hazai, kwa hiyo leo tufunuliane. Watu wanatazama vidole vya miguu. Kocha anakohoa. Ndipo fundi seremala anaposimama bila kuombwa.

“Mnanijua,” anasema. “Mnajua na mke wangu alivyosemwa. Basi mwenye tatizo nilikuwa mimi. Nilipimwa, nikakutwa nalo, nikatibiwa. Na niko hapa, sijapungua kitu.”

Anakaa. Fundi gereji mmoja ananyoosha mkono wenye grisi: mwanamume akifunga kizazi, nguvu zinaisha? Kabla jibu halijakamilika, mwingine anadakia kuhusu wanaume wanaochomwa na mkojo. Mzee aliyesindikiza tu ana maswali matatu. Shangazi anazunguka katikati ya duara, anajibu huku, anatania kule, sauti inamkauka na uso unang’aa. Swali asilolijua analirusha kwa muuguzi mkuu, naye anajibu kwa sauti yake nzito, watu wanamsikiliza.

Ni katikati ya pilikapilika hizo ambapo mama mtu, aliyekuwa akijinyonganyonga juu ya kigoda kama mtu aliyekalia kaa la moto, anashindwa kujizuia.

“Na mkwe wangu ana mimba!”

“Mama!” Fundi anaruka. “Si tulikubaliana tusitangaze?”

Haimsaidii. Uwanja umelipuka. Timu ya mpira inamnyanyua fundi juu kama kombe, mabenchi yanaanguka, mzee anacheza na fimbo yake. Fundi, angali begani kwa watu, anampigia mkewe simu na kuweka spika.

“Mama amesema, sivyo?” inasikika sauti ya mshonaji, na cherehani ikinguruma nyuma yake. “Nilijua tu. Haya, mshusheni mume wangu salama, namhitaji.”

Shangazi ameketi, analia huku anacheka. Alikuwa anajua habari hiyo tangu wiki iliyopita. “Nimeibeba kama maji mdomoni,” anasema. “Sasa hivi ndiyo nimepumua.”

Mpaka mchana, foleni ya wanaume wanaotaka kuonana naye faragha imefika getini. Wengine wanataka vipimo, wengine wamekuja kuwaombea nafasi wake zao, waje pamoja wiki ijayo. Muuguzi mkuu ameagiza dawati jingine litolewe stoo.

Shangazi ana mipango kichwani na yote anaitaja kwa mkupuo. Anataka vinyozi wenzake wa zamani wapewe mafunzo, kwa sababu wembe bado uko shingoni mwa watu. Anataka chumba cha pili kwa ajili ya wanandoa, na mwanamke mwenzake wa kushirikiana naye. Uongozi wa kituo umemwambia aandike maombi, na safari hii, anasema, hawezi kuandika akiwa peke yake: ana uwanja mzima wa mashahidi.

Lakini la kwanza ni la mwezi ujao, nalo hakulibuni yeye. Mama yake fundi, kabla ya kuondoka, alimfuata na kudai kikao cha mama wakwe. Amesema atawaita mwenyewe, mlango kwa mlango. Shangazi akamuuliza atawaanzaje.

“Nitaanza na mimi,” alijibu. “Nitawaambia nilivyomwita mkwe wangu, neno kwa neno, mbele yake akiwa amekaa. Nimeshamwomba ruhusa, kaniambia atakuja. Halafu nitanyamaza, nione ni nani atasimama aseme yeye hajawahi.”