Pambio la Kambini

Wakati wa vita, vijana wa kanisa tulipelekwa kambi ya maombi Kisauni, katika darasa la misheni lenye bati linalochoma. Mwalimu wa kambi alikuwa na desturi moja niliyoichukia: aliyeshukiwa kuvaa hirizi aliimbiwa pambio, na wimbo haukukatwa mpaka aitoe mbele ya wote. Hadi leo pambio lile likianza, natoka nje.

Mchana mmoja alininyooshea kidole mimi, kwa kuwa nyanya yangu alikuwa mganga. Hirizi sikuwa nayo. Nikaapa, wakaimba. Nikalia, wakasema Roho ameanza kazi, wakazidi kupaza sauti. Mlangoni wamejaa watu, jasho linanitiririka, nami sina cha kutoa.

Rafiki yangu, niliyelala naye mkeka mmoja, akanishika mkono kama anayeniombea. Nilipofungua kiganja, nikaona hirizi yake mwenyewe, ingali na joto la mwili. Nikaiinua juu. Wakanikumbatia, wakanipigia vigelegele.

Kisha mwalimu akamgeukia yeye.

“Na wewe, mwanangu?”

Akajibu kwamba hana, na sasa ilikuwa kweli. Wakaanza kuimba.