Tumbo Walilokataa Kuligusa

Muuguzi wa kwanza hakunigusa hata kidogo. Nilikuwa nimejikunja kwa maumivu ya tumbo kwenye benchi la kituo cha afya mtaani kwetu Hewa Bora, mtoto wangu mchanga mgongoni mwa mama mkwe. Muuguzi alinitazama kichwa hadi miguu, akasema: "Ile ni mafuta tu, mama. Punguza bukari." Akanipa vidonge vya gesi.

Bukari hiyo, ugali wetu, nilipikiwa na mama mkwe huyo huyo. Kwetu mzazi aliyetoka kujifungua akikonda, ni aibu ya ukweni, basi nililishwa hadi nikawa mnene kuliko nilivyokuwa na mimba. Jioni alichemsha majani, akaosha mpira wa kunisafisha tumbo kwa nyuma. Nilikataa, nikilia. Asubuhi, kwa homa, tukaenda hospitali.

Dokta alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, Mukasai kwa asili. Alinipandisha mizani bila kucheka, maana dawa zake alizipima kwa kilo zangu. Ekografi, mashine ya kupiga picha ndani ya tumbo, haikuona kitu; mafuta yaliziba. Hakuishia hapo. Alibonyeza polepole, akasubiri, akanigeuza ubavu, akabonyeza tena, mpaka nikamkamata mkono.

"Apa njo fasi yake. Apandisi, kile kidole tumbo. Tunapasua leo."

"Ni juu ya unene wangu?"

"Unene haikuleta ugonjwa, mama. Inauficha tu. Na kisha kidonda inaweza kuoza. Kuizuia ni kazi yangu."

Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka ndani. Nilipoamka, tumbo limeshonwa kwa ndani, ngozi ya juu imeachwa wazi, imejazwa kitambaa. Mama mkwe akafunua shuka.

"Banakuacha wazi sawa mufuko ya makala ya kupikia?"

"Nikifunga leo, mama, usaha itajenga mule," dokta alimjibu bila kugeuka.

Mimi niliwaza mtoto tu: nikioza, nani atamnyonyesha? Lakini kila asubuhi dokta yule alitoa kitambaa mwenyewe, akakinusa, kisha akanitembeza koridoni nikitukana, ili damu isigande miguuni. Sijaona mtu anayeheshimu mwili wangu hivyo, hata mimi mwenyewe.

Siku moja alimpa mama mkwe kitambaa. "Nusa."

Akanusa kama anayechagua samaki sokoni. "Haina arufu."

"Basi tunafunga."

Tuliporudi nyumbani nilipitia kituoni kwa yule muuguzi wa kwanza. Nikapandisha blauzi.

"Mafuta njo haya. Gusa sasa."

Alinyoosha kidole kimoja. Mama mkwe akamsogelea, mtoto mgongoni.

"Polepole, baba. Pale banatoka kushona."