Mpangaji wa Mama Thérèse

Ukimuuliza Thérèse kwa nini alimchukua yule nyoka, atakuuliza kwanza kama umeshamuuliza jirani yake kwa nini amechukua paka. Ndivyo alivyo. Ana saluni ndogo Rosettenville, huku kusini mwa Afrika, karibu na roboti, yaani taa za barabarani, mtaa ambao Wareno wazee bado wananunua mkate wao asubuhi na Wakongo wananunua sombe, yaani kisamvu, mchana, na kwa miaka yote aliyosuka pale hajawahi kupunguza sauti kwa ajili ya mtu. Wanaomfahamu tangu Uvira, kwao Kongo, wanasema zamani hakuwa hivyo. Wanasema kweli, na tutafika huko.

Mwaka 2018, baridi ya Juni ilipoanza kuuma, kijana aliyepanga chumba cha nyuma ya saluni alihama bila kuaga. Mwenye nyumba akatuma vibarua wawili wakisafishe. Haukupita muda, mmoja akatoka mbio mpaka barabarani, na mwenzake akaingia saluni kuomba birika la maji ya moto. Thérèse alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Akauliza maji ya nini. Akaambiwa kuna nyoka kwenye sanduku la kioo, nao wanataka kummwagia humo humo kabla hajatoka. Akaweka kitana chini, akachomoa birika ukutani, akaenda kujionea.

Nyoka mwenyewe alikuwa mwembamba, rangi ya chungwa na mabaka mekundu, amejikunja kwenye kona penye kinyesi kikavu na bakuli lisilo na tone la maji. Uti wa mgongo ulimtokeza. Hakufoka wala hakuinua kichwa; ulimi ulitoka, ukarudi, basi. Thérèse aliogopa, tusidanganyane. Lakini hasira ndiyo iliyompanda zaidi. Mtu amefungia kiumbe ndani ya kioo, kisha amebeba televisheni na godoro lake akaondoka, akakiacha kife kwa kiu, na sasa hawa wanakuja kukimalizia kwa maji yaliyochemshwa kwa umeme wake yeye. Akawaambia atakayemwaga, aanze kumwaga juu yake. Vibarua walicheka, wakamtazama usoni, wakaacha kucheka.

Mlango wa pili kulikuwa na Burhani, mzaliwa wa Tanga anayeuza vifuniko vya simu, mtu wa swala tano na utani usiokwisha. Ndiye mwenye pikapu. Alikataa kabisa kumbeba nyoka, akaapa kwa kila kitu, kisha akaenda kuwasha gari. Sanduku liliwekwa nyuma, limefunikwa taulo za saluni, na njia nzima ya kwenda Randburg, upande wa pili wa jiji, Burhani aliendesha huku akisoma aya kwa sauti ya chini na kuchungulia kioo cha nyuma kila baada ya kona.

Kule kuna duka la wanyama wa kufugwa, na binti aliyekuwa zamu alimshika yule nyoka kama mtu anayepokea chenji. Alisema ni nyoka wa mahindi, jamii iliyotoka Marekani, hana sumu, na ameitwa hivyo kwa sababu tumbo lake lina madoa yanayofanana na punje za mahindi ya rangi rangi. Akatoa maelekezo. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto, wa pili uwe baridi, achague mwenyewe. Apewe mahali pa giza pa kujificha. Wiki nzima asiguswe, asisumbuliwe, na asipewe chakula mpaka atulie, kisha apewe panya wa kwenye friza aliyeyeyushwa vizuri. Kuhama nyumba kunamvuruga sana, binti alisema, wengine hugoma kula hadi wanakufa. Thérèse, aliyekuwa amehama nyumba, mji na nchi, alitikisa kichwa akasema hilo halihitaji kuelezwa.

Jina alipewa na Burhani njiani wakirudi. Kwa kuwa aliachwa na mpangaji na sasa anakwenda kupanga kwingine, akaitwa Mpangaji.

Thérèse alikuwa anaishi na Arlène, mwanamke wa Bukavu, kwenye nyumba ndogo yenye uwanja. Alimweka Mpangaji chumbani kwake, kati ya kabati na ukuta, mbali na mlango. Akanunua mkeka wa kupasha joto, akaulaza chini ya upande mmoja wa sanduku. Chungu cha maua kilichovunjika mdomo akakifunika juu chini, kikawa nyumba ndani ya nyumba. Umeme ulipokatwa kwa mgao, na majira yale ulikatwa hovyo, alichemsha maji kwenye gesi, akajaza chupa za juisi, akazifunga kwa taulo na kuzipanga kando ya kioo. Wiki nzima hakumgusa. Akiingia chumbani alivua viatu, na simu akaenda kuipokelea jikoni. Yeye, mwenye sauti inayosikika hadi ng'ambo ya barabara, alikuwa ananong'ona kwa ajili ya nyoka.

Wiki ilipokwisha akampa panya. Mpangaji akamnusa, akarudi chini ya chungu. Akajaribu tena baada ya siku kadhaa, vile vile. Kisha macho ya nyoka yakaingia ukungu, meupe kama maziwa, na rangi ya chungwa ikafifia. Thérèse akadhani anapofuka. Akapiga simu Randburg, na binti akamwambia asubiri: anakaribia kuvua ngozi, na wakati huo hawataki kula wala kutazamwa. Akivua, ataona njaa. Asipokula hata baada ya hapo, ndipo wawe na wasiwasi. Basi Thérèse akasubiri, na kusubiri kulimla moyo, kwa maana alishampenda.

Arlène naye alikuwa na moyo wake. Alivumilia alivyoweza, kisha akalipeleka jambo kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, na Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linajua kwamba Thérèse amefuga nyoka wa utajiri, yule anayesemwa humtapikia mwenyewe pesa. Kwa watu wa kwetu hilo halina maelezo marefu. Saluni yake haikosi wateja, wengine wanafungua na kufunga. Sasa imejulikana siri. Waliosema wanafahamu zaidi walisema nyoka analala ndani ya pakiti za rasta na kulamba vichwa vya watu. Jumamosi, siku ambayo akina mama hupanga foleni wasukwe wapendeze kanisani, viti vya Thérèse vilikaa vitupu toka asubuhi hadi jioni, na Burhani alikuja kukalia kimoja ili wapita njia wasione aibu ile.

Baada ya hapo akaja Mama Victorine, kiongozi wa kikundi cha maombi, mwanamke mkubwa kwa umbo na kwa neno. Hakuketi. Alisema kanisa limempa nafasi: amtupe nyoka, atubu, au asisimame tena kwenye kwaya, na hakuna mama atakayeleta kichwa chake pale.

"Mama, kichwa yako ninaisukaga miaka hii yote," Thérèse akamjibu. "Kama hii nyoka inatapikaga pesa, basi inatapikia kwa jirani."

Burhani alicheka mlangoni kwake hadi akakohoa. Mama Victorine hakucheka.

Sasa kuhusu Uvira. Mumewe Thérèse alipofariki, ndugu wa mume walimkalisha mkekani wakamtaka akiri kwamba amemla kwa uchawi. Walimuuliza mchana, wakamuuliza usiku, kwa upole na kwa matusi. Alikuwa kijana, amechoka, amefiwa, hana wa kumtetea. Akasema ndiyo, ili yaishe. Hayakuisha. Kwa ile ndiyo moja walichukua nyumba, wakachukua shamba na cherehani, na wakamsindikiza barabarani na mfuko wa nguo. Hasira yake ya miaka yote hii, ile inayowafanya watu waseme ana mdomo, asili yake ni pale. Wale ndugu alishawasamehe, anasema. Ile ndiyo aliyoitamka mwenyewe ndiyo iliyomkaa kooni.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Thérèse alikuwa saluni, hana mteja, anapanga na kupangua chupa za mafuta. Nyumbani, Arlène alifungua mlango, akina mama wakaingia na chumvi na mafuta ya kupaka, wakiimba ili wapate nguvu. Wakapaka mafuta miimo ya mlango. Wakamwaga chumvi kizingitini. Mmoja akafunua kifuniko cha sanduku akaruka nyuma, na wote wakaona: katikati ya sanduku kulilala nyoka mzima, mwembamba na mweupe, kichwa kipo, macho yapo, mdomo wazi, amekauka kabisa. Walitazamana. Kisha vilio vya shukrani vikatikisa madirisha. Maombi yalikuwa yamemkausha pale pale alipo. Chungu kilikuwa shibiri moja kutoka mikono yao, na hakuna aliyekuwa na haja wala ujasiri wa kukiinua. Walimbeba yule mkavu kwa koleo la braai, lile la kuchomea nyama, wakampeleka kwenye pipa lake uwanjani, wakamchoma, naye aliwaka haraka kuliko karatasi.

Thérèse alipofika alihisi chumvi ikisagika chini ya viatu, na mkono ukateleza kwenye mlango wenye mafuta. Akakimbilia chumbani. Kifuniko cha sanduku kilikuwa pembeni. Alisimama akishindwa kusogea, kwa sababu mradi hajainua chungu, Mpangaji bado alikuwa na nafasi ya kuwemo. Mwishowe akakiinua.

Alikuwemo. Rangi yake ilikuwa imewaka upya, chungwa bichi na wekundu safi, macho meusi yanang'aa, ametulia kama mwenye nyumba. Thérèse akakirudisha chungu taratibu, akafunga kifuniko, akaketi sakafuni. Hapo ndipo simu ilipolia. Mama Victorine, sauti imemkauka kwa nyimbo, akamwambia Mungu ameshinda, nyoka amekufa kwa moto, na Jumapili asimame mbele atoe ushuhuda wa kufunguliwa kwake. Thérèse akauliza wamechoma nini hasa. Akaelezwa. Alikata simu akacheka peke yake hadi machozi.

Ijumaa jioni akayeyusha panya, akamweka kando ya chungu, akapiga magoti mlangoni. Kichwa kikatoka. Ulimi ukapima hewa. Kisha, bila haraka, Mpangaji akamshika panya na kuanza kummeza, na Thérèse akaziba mdomo kwa mikono miwili asimshtue. Alilia, na hakuona haya kulia. Kiumbe kilichogoma kila kitu kilikuwa kimekubali kukaa kwake.

Tatizo ni kwamba Jumamosi saluni ilijaa. Walikuja wote, na maandazi wakaleta, wakamwita dada, wakamshika mikono. Mama Victorine mwenyewe alikalia kiti cha kwanza, akawa anasimulia jinsi yule nyoka alivyolia motoni, na mikono ya Thérèse ikawa inasuka tu, kwa sababu kichwa kilikuwa nusu na mtu hatolewi nje na nusu kichwa. Ukweli ni kwamba alifurahi. Alikuwa amewakosa kuliko alivyotaka kukiri.

Jioni akifunga mlango, Burhani alimpa ushauri wa mtu mwenye akili timamu.

"Nyamaza, dada. Nyoka unaye, wateja unao, na wao wameridhika. Kesho sema amina moja tu, ukae."

Thérèse alilibeba neno hilo hadi nyumbani. Lilikuwa neno zuri, hakuweza kulitia kasoro. Ingekuwa amina moja tu, ya kumaliza mambo. Aliketi kitandani akitazama chungu, akajua kuanzia kesho atalazimika kufunga chumba kwa ufunguo, kunyamaza Arlène akiuliza, kumficha Mpangaji maisha yake yote kwa kosa ambalo wala yeye wala nyoka hawakulifanya. Akakumbuka ndiyo yake ya Uvira, nayo ilikuwa ya kumaliza mambo.

Jumapili alivaa kitenge kipya. Mchungaji alimwita mbele, kwaya ikapiga makofi, akapewa kipaza sauti ingawa hakukihitaji.

"Nawashukuru kwa kuniombea," akasema.

"Amina," kanisa likajibu.

"Munasema muliua nyoka yangu. Iko muzima."

"Amina," wakajibu wengi kwa mazoea, kabla masikio hayajawafikishia maneno. Mtoto mmoja nyuma alisikika akifungua pakiti ya biskuti.

Thérèse hakuharakisha. Alimtafuta Mama Victorine kwa macho, akamkuta mstari wa kwanza, mkono juu ya rasta zake mpya.

"Ile mulichoma ni ngozi tu, anaivuaga akikua. Yeye alikuwa chini ya chungu, anawasikia mukiimba. Ijumaa alikula. Haina sumu, haina pesa, mutu aliiacha ife na miye nikaichukua. Kule Uvira walinikalisha chini niseme ndiyo kwa kitu sikufanya, nikasema. Leo sisemi."

Mchungaji akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Thérèse alimpa, kisha akamalizia bila hicho, na hadi waliosimama nje uani walisikia vizuri.

"Mwenye kutaka kumuona, akuye. Njia munaijua, mulishaingia bila miye."

Akashuka ngazi. Hakuelekea mlangoni kama wengi walivyotarajia. Akarudi kwenye kiti chake cha kwaya, mstari wa mbele, akafungua kitabu cha nyimbo, akasubiri waimbe.