Kikohozi cha Mjomba

Juzi niliona litungu, ala ya nyuzi iliyowambwa ngozi, likining'inia dukani Kiminini, nikakumbuka harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyoota jua. Mchana mmoja nikiwa mtoto, kwetu Kamukuywa, Mjomba alinipakatisha litungu lake kwa mara ya kwanza.

"Piga vile mimi hupiga, mama."

Nilipapasa nyuzi, nikagonga mguu chini, na kabla ya kuimba nikakohoa mara mbili, kwa kina, kama yeye. Nilidhani ndivyo wimbo huanza. Watoto wenzangu walicheka. Nyanya aliacha kupukuchua mahindi.

Mjomba aliweka kiganja juu ya nyuzi.

"Hiyo ya kukohoa usiige," akasema. "Hiyo ni yangu."

Wakubwa walijua kifua kinammaliza. Mimi nilinuna hadi jioni, nikidhani ananinyima ufundi.