Mithika katika Sinema ya Kobia

Siku Kobia alipoingia katika kibanda cha Mithika pale Maua, aliomba kazi ya kufunga miraa, na kufunga kwenyewe hakukujua. Mabunda yake yalilegea kama suruali ya mlevi. Mithika, aliyeanza biashara kwa kuokota vijiti vilivyodondoka chini ya meza za wenzake, alikuwa karibu kumfukuza, ndipo Kobia akashika gitaa lake bovu akapiga. Wafungaji hawakuinua vichwa, ila mikono yao ilifuata gitaa, na pikapu ya kwenda Nairobi ikajaa kabla ya ile ya jirani.

"Kufunga huwezi," Mithika akamwambia. "Lakini ukipiga, hawa hawakumbuki kupumzika. Utakula hapa, utalala hapo juu ya magunia. Pombe, huko huko nje."

"Na nikitaka kuondoka?"

"Ondoka. Chakula hakitakufuata."

Wakaishi hivyo miaka mingi. Kobia akisikia injini ikipanda kutoka bondeni, aliigeuza wimbo kabla gari halijafika. Alikuwa pia mtu wa kuchosha. Alivunja gitaa kwa sababu ya sauti moja iliyokataa kukaa sawa. Alitoroka, akarudi amekonda, akawatukana waliomlisha, kisha akalia. Mithika alimpokea kila mara, na akiulizwa alijibu kuwa ni faida ya kibanda.

Msimu mmoja wa mvua, Mithika akiwa safarini, Kobia aliugua. Akaenda kwa kaka yake Mukiri, mwenye miti mikongwe ya miraa, na Mukiri akamfungia mlango. Asubuhi walimkuta mtaroni amekufa. Jeneza lilinunuliwa na Mithika. Pale makaburini Mukiri alimvuta kando, akamwambia yote kwa kunong'ona, naye Mithika hakumpelekea neno hilo mtu yeyote wa Maua.

Baadaye akaja Oscar Gitari, mtengeneza sinema kutoka Kanja, Embu, akitaka maisha ya Kobia. Alikuwa ameelezwa mila za Waigembe, wenyeji wa Maua, kwa hiyo alileta bunda la miraa lililoviringishwa kwa majani ya mgomba, kama wapelekavyo wanaoomba mchumba. Ukilipokea na kulitafuna pamoja na aliyelileta, neno mnalopatana halirudishwi.

Mithika akacheka. "Umekuja kuposa? Umechelewa. Binti yangu Ntinyari ameolewa Nkubu."

"Naposa hadithi, mzee."

Mithika akamsimulia bila kuficha, kisha akaweka sharti. "Kaka mtu asitajwe wala asionekane. Mama yao yuko hai. Amezika mmoja, usimzikishe wa pili."

"Na mlango aliofungiwa?"

"Mlango ni shauri lako. Fundi wa sinema si wewe?"

Wakatafuna, wakapeana mikono.

Sinema ilipokuwa tayari ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa, na Maua nzima ikajaa humo. Kobia wa sinema alipiga vizuri, akanywa vizuri, akaugua vizuri. Kisha akabisha hodi kwenye kibanda cha miraa huku mvua ikimpiga. Akatokea mwenye kibanda, tumbo mbele, pete kubwa kidoleni, akamtazama kutoka juu hadi chini, akafunga mlango.

Ukumbi uliguna. "Aa, Mithika! Hata mbwa hafanyiwi hivyo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Mukiri alikuwa kiti cha mbele ya Mithika, ameketi na mama yake. Mithika akainama. "Mukiri. Sema."

"Niseme nini, Baba Ntinyari? Ni sinema tu."

"Basi simama uwaambie hivyo hivyo, kwamba ni sinema tu."

Mukiri akatoa kitambaa, akampangusa mama yake machozi.

Nje, Oscar hakumkimbia. "Nimetimiza neno langu, mzee. Kaka hayumo."

"Ukaniweka mimi."

"Uliniachia mlango. Usipofungwa na mtu, watazamaji hawalii."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Kumbe ulijua!"

Mithika akageuka akaenda zake. Alikuwa amelinda jina la Mukiri katika mapatano yale, la kwake akasahau kuliweka mezani, yeye ambaye hakuwahi kununua mti bila kuuzunguka. Angeweza kusema ukweli. Lakini neno lilikwisha kutafunwa, na katika Igembe miti ya miraa hununuliwa kwa neno. Mwenye kulivunja moja, nani atamuuzia kesho? Na yule mama angejua kwamba mwanawe aliyebaki ndiye aliyemfungia nduguye.

Wafungaji wakaanza kupungua. Misheck, aliyekuwa amefunga miraa pamoja na Kobia tangu mwanzo, aliaga akitazama chini. "Wanangu wananiuliza namfanyia nani kazi, mzee."

"Na wewe unajua."

"Mimi najua. Wao wameona sinema."

Ndipo Mukiri akaja, kofia mkononi. "Chukua miti yangu yote mikongwe, Baba Ntinyari. Bei taja wewe."

Mithika akataja bei ambayo mtu mwingine angeitukana. Mukiri akaikubali bila kupumua. Akanyoosha mkono wa salamu, na Mithika akamwonyesha njia.

Oscar alialikwa pamoja na sinema yake hadi ng'ambo. Mukiri bado anaamkiwa vizuri sokoni, na mama yake humwekea chai. Mithika ana miraa bora kuliko yeyote pale Maua, na anaifunga mwenyewe na wapwa zake, kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka kuonekana akiingia kibandani mwake.